Binti wa Lord Erroll: cheo kilichomfikia msichana wa miaka 15

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii hapa Naivasha. Tukipita upande wa Oserian, kwenye ile nyumba nyeupe inayoitwa Kasri la Majini (Djinn Palace), wageni huniuliza habari za Lord Erroll aliyepigwa risasi mwaka 1941. Mauaji na kesi nayajua, nawasimulia. Juzi mama mmoja akaniuliza, "Kwani hakuacha mtoto? Na cheo chake kilikwenda kwa nani?" Mwenzangu akadakia kwamba aliacha binti aitwaye Diana, na kwamba huyo Diana ndiye aliyekuja kuishi Oserian. Ni kweli? Na mwanamke wa Uskoti anarithije cheo cha baba yake?

JIBU: Dada yangu, binti alikuwapo, na kweli aliitwa Diana. Lakini Diana wa Oserian ni mtu mwingine kabisa. Tuwatenganishe kwanza, maana kosa hilo nimelisikia hata kwa watu waliosoma.

Diana wa Oserian alikuwa mke wa Sir Jock Delves Broughton, na ndiye aliyependana na Lord Erroll katika wiki za mwisho za maisha yake. Mumewe ndiye aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiliwa Julai 1941. Mwaka 1943 bibi huyo aliolewa na Gilbert Colvile, tajiri wa ng'ombe, wakaishi Oserian. Baadaye, mwaka 1955, akaolewa na Lord Delamere. Alifariki 1987 na kaburi lake liko Ndabibi, karibu nawe. Hakuwa na undugu wowote na Lord Erroll, wala hakurithi cheo chake.

Binti ni Diana Denyse Hay, aliyezaliwa tarehe 5 Januari 1926. Jamaa zake walimwita Dinan, nami nitamwita hivyo hapa ili tusichanganyikiwe tena. Huyo ndiye aliyekuwa Countess of Erroll wa 23, yaani Erli (Earl, cheo cha ukabaila) wa kike. Wala hakupewa jina hilo kwa kuolewa na mwenye cheo. Cheo kilikuwa chake mwenyewe, kwa damu.

Wazazi wake, Josslyn Hay (ndiye huyo Lord Erroll wenu) na Lady Idina Sackville, walioana 1923 na mwaka uliofuata wakahamia Kenya. Walikaa bonde la Wanjohi, chini ya Nyandarua, katika zile nyanda za juu ambazo serikali ya kikoloni ilizitenga kwa ajili ya Wazungu peke yao. Nyumba yao waliiita Slains. Jina hilo lina uzito wake, nitalirudia. Idina alikuwa mwanamke wa ndoa tano, na Josslyn alikuwa mumewe wa tatu. Mwaka 1928 babu yake Dinan, Erli wa 21, alifariki huko Koblenz, Ujerumani. Josslyn akawa Erli wa 22 na Dinan, akiwa na miaka miwili, akaanza kuitwa Lady Diana. Ndoa ya wazazi haikudumu. Kufikia 1930 walikuwa wameachana, na Josslyn akamwoa Mary Ramsay-Hill, yule aliyekuja naye Oserian. Dinan alikulia Uingereza kwa jamaa za mama yake, wazazi wote wawili wakiwa wamebaki Kenya, kila mmoja na maisha yake.

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, mwili wa Josslyn ulikutwa ndani ya gari lake aina ya Buick kwenye njia panda ya Karen na Ngong, risasi kichwani. Hayo unayasimulia kila siku, sina la kukuongezea. Kitu ambacho wasimulizi hukiruka ni kwamba wakati huohuo, maelfu ya kilomita kutoka pale, msichana aliyetimiza miaka 15 wiki chache tu kabla alikuwa amekuwa mkuu wa ukoo wa Hay na Konstebo Mkuu wa Uskoti, ofisi ya kale nitakayoieleza mbele. Hakuhitaji kutawazwa. Vyeo vya namna hii humwingia mrithi pumzi ya mwisho ya aliyetangulia inapokatika.

Kwa nini yeye? Baba mdogo alikuwapo: Gilbert Hay, mdogo wake Josslyn, mtu mzima na mwanamume. Katika familia nyingi za makabaila wa Uingereza angechukua kila kitu, binti akaambulia vito vya bibi yake. Hapa ndipo penye utamu wa habari, na ndipo ningependa wageni wako wapate kusikia zaidi.

Cheo cha ukabaila hakirithiwi kwa sheria moja inayowafunga wote. Hufuata maneno ya hati iliyokiunda. Hati nyingi za Kiingereza zimeandikwa "warithi wa kiume waliozaliwa naye," na neno hilo "wa kiume" likishawekwa, binti hana lake hata akiwa mtoto wa pekee. Uskoti ya zamani ilikuwa na mwendo mwingine. Vyeo vyake vingi vya kale humfikia binti pale asipokuwapo mwana, na mabinti wakiwa wengi humfikia mkubwa wao moja kwa moja. Tena Waskoti walikuwa na utaratibu ambao Waingereza hawakuwa nao: mwenye cheo aliweza kukisalimisha kwa mfalme, kisha akarudishiwa kwa hati mpya yenye masharti mapya ya urithi.

Ukoo wa Hay uliutumia utaratibu huo. Katika karne ya 17 Gilbert Hay, Erli wa 11, hakujaliwa mtoto. Akaona ukoo unaelekea kukatika, akapata hati mpya iliyompa ruhusa ya kutaja warithi watakaomfuata, na katika mpango wake wanawake hawakufungiwa mlango. Alifariki 1674. Kalamu yake ndiyo iliyomfikia Dinan mwaka 1941, zaidi ya miaka 260 baadaye.

Na Dinan hakuwa wa kwanza kuufaidi uamuzi huo. Mwaka 1717 Erli wa 13 alifariki bila mke wala mtoto, cheo kikaenda kwa dada yake, Mary Hay, Countess wa 14. Mama huyo namheshimu sana. Alikuwa upande wa wafalme wa Stuart waliopinduliwa, na mwaka 1745, Prince Charles Stuart alipotua Uskoti kudai kiti cha babu zake, Mary alimkusanyia watu wa kumpigania. Wakati wa kutawazwa kwa George II mwaka 1727 alikuwa yeye ndiye Konstebo Mkuu, ila kazi yake siku ile ilifanywa kwa niaba yake na Duke of Roxburghe. Ofisi ilikuwa yake. Kusimama mbele ya watu ndiko hakukuruhusiwa.

Mary hakuzaa. Dada yake Margaret alikuwa na mjukuu wa kiume, James Boyd, mtoto wa Earl of Kilmarnock. Sikiliza yaliyowapata baba na mwana hao. Katika vita vya Culloden, Aprili 1746, baba alikuwa jeshi la Stuart na mwana alikuwa jeshi la serikali. Baba akatekwa. Inasimuliwa kwamba alipopitishwa mbele ya askari washindi, kichwa wazi, kofia imempotea vitani na upepo unampiga nywele usoni, mwanawe alitoka kwenye mstari bila kusema neno, akavua kofia yake na kumvika baba yake. Agosti mwaka huo baba alikatwa kichwa Tower Hill, London, na cheo cha Kilmarnock kikafutwa. Mary alipofariki 1758, James akarithi kupitia kwa bibi yake, akaacha jina la Boyd na kuchukua la Hay. Hiyo ilikuwa kawaida yao: anayerithi kupitia kwa mwanamke huchukua jina la ukoo anaourithi, ili ukoo usipotee ndani ya jina la mume au la baba.

Sasa rudi 1941. Mwaka 1831 jina la Kilmarnock lilikuwa limerudishwa kwenye familia kama cheo kipya cha ubaroni, kwa hati ya mtindo wa Kiingereza: wanaume tu. Josslyn alikuwa na vyote viwili, uerli wa Erroll na ubaroni wa Kilmarnock. Alipouawa, vyeo vilivyokaa pamoja kichwani pa mtu mmoja kwa miaka 110 vikaachana njia. Uerli na ukonstebo vikaenda kwa Dinan. Ubaroni ukaenda kwa baba mdogo, naye Gilbert akaacha jina la Hay akachukua Boyd, jina la yule aliyekatwa kichwa. Mgeni wako akiuliza cheo kilikwenda kwa nani, jibu kamili ndilo hilo: viligawanyika, na kilicho kikubwa kilikwenda kwa binti.

Ukonstebo wenyewe usiuchukulie kama wa kituo cha polisi. Mwaka 1314, mwaka wa vita vya Bannockburn, Mfalme Robert Bruce alimpa Gilbert Hay cheo cha Konstebo Mkuu kiwe cha kurithishana. Mwenye cheo hicho huhesabiwa wa kwanza miongoni mwa raia wa Uskoti baada ya jamaa wa mfalme, mbele hata ya watu wenye vyeo vya juu kuliko uerli. Zamani alikuwa na mamlaka ya kuhukumu fujo, umwagaji damu na mauaji yaliyotokea ndani ya maili nne kutoka alipo mfalme. Kila nikifika kwenye sheria hiyo humkumbuka Dinan. Alirithi ofisi ambayo kazi yake ya kale ilikuwa kuhukumu wauaji, na aliirithi kwa mauaji ambayo mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia.

Lakini cheo hakikuja na utajiri. Nilisema nitarudi kwenye jina la Slains. Slains ni kasri la ukoo huu, ukingoni mwa jabali juu ya bahari ya kaskazini, karibu na Cruden Bay huko Aberdeenshire. Erli wa 20 aliliuza mwaka 1916, na mwaka 1925 paa lake likang'olewa. Nimetazama picha zake nyingi. Kuta za mawe zimesimama, madirisha ni matundu matupu yanayotazama maji, na nyasi zimeota pale palipokuwa sakafu. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo Josslyn na Idina walikuwa wakiita nyumba yao ya Wanjohi kwa jina la Slains, Slains yenyewe ilikuwa inabomolewa. Dinan alizaliwa mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Alichopokea miaka 15 baadaye ni jina, wajibu na historia.

Vita vilimwongezea msiba. Mama yake alikuwa na wana wawili wa ndoa ya kwanza, na wote wawili waliuawa katika Vita vya Pili vya Dunia. Katika watoto watatu wa Idina, Dinan ndiye aliyebaki. Idina mwenyewe alibaki Kenya na kufariki 1955.

Desemba 1946, akiwa na miaka 20, Dinan aliolewa na Iain Moncreiffe, askari aliyegeuka kuwa mmoja wa mabingwa wa nasaba na nembo za koo za Uskoti. Mume wa Countess hawi Erli, kwa hiyo cheo kilibaki kwa mke. Walijaliwa wana wawili na binti mmoja. Tazama walivyowagawia majina: mwana mkubwa, aliyezaliwa 1948, aliitwa Merlin Sereld Victor Gilbert Hay. Siyo Moncreiffe kama baba yake. Hay, kwa sababu alikuwa mrithi wa mama. Ndani ya jina hilo umo Victor, babu yake Dinan, na umo Gilbert, jina la konstebo wa 1314 na la yule asiyezaa aliyeandika hati. Mwana wa pili ndiye aliyepewa jina la Moncreiffe. Ni ile kawaida ya James Boyd inaendelea, safari hii ikiamuliwa na mama mwenyewe.

Mwaka 1951 jumuiya ya ukoo wa Hay iliundwa chini yake, ikawakusanya watu wa jina hilo waliotawanyika duniani. Ukoo huo una hadithi ya asili yake: kwamba katika vita vya Luncarty, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mkulima mmoja na wanawe wawili waliacha kulima, wakashika nira ya ng'ombe na kuwarudisha vitani askari wa Uskoti waliokuwa wakiwakimbia Wadenmarki. Ni hadithi, siyo historia iliyothibitishwa, lakini nira imo kwenye kaulimbiu yao ya Kilatini hadi leo: Serva Jugum, itunze nira. Kwa mwanamke aliyepewa mzigo ule akiwa bado msichana, sioni kaulimbiu iliyomfaa zaidi.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu linaigusa Kenya na sijawahi kumsikia mwongoza watalii akilisema. Malkia Elizabeth II alizaliwa Aprili 1926, miezi mitatu tu baada ya Dinan. Wote wawili walikuwa mabinti wa baba asiye na mwana wa kiume, na wote walirithi kwa kanuni ileile, mwana kwanza na asipokuwapo basi binti. Elizabeth alipata habari ya kifo cha baba yake, Februari 1952, akiwa Kenya: usiku ule alilala Treetops, ndani ya msitu wa Nyandarua, na habari ikamkuta Sagana. Wanjohi, alikoishi babake Dinan, iko upande wa pili wa safu hiyohiyo. Mmoja alikuwa Uingereza na baba akafia Kenya. Mwingine alikuwa Kenya na baba akafia Uingereza. Mwaka uliofuata, Juni 1953, Malkia alipokwenda Edinburgh baada ya kutawazwa na kuletewa taji la kale la Uskoti katika kanisa la St Giles, malkia na Konstebo Mkuu wake walikuwa wanawake wawili wenye umri mmoja, miaka 27.

Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja uliobaki umefungwa. Tangu muungano wa 1707, makabaila wa Uskoti walikuwa wakichagua wenzao 16 wa kuwawakilisha katika Baraza la Malodi, bunge la juu la Uingereza, na wanawake wenye vyeo vyao wenyewe hawakuwa na nafasi humo. Dinan alikuwa juu ya watu wengi waliokaa kwenye viti vile, naye hakuruhusiwa kukaa. Sheria ya mwaka 1963 ndiyo iliyobadilisha hilo: ikawapa haki ya kiti makabaila wote wa Uskoti, na wanawake waliorithi vyeo pamoja nao. Alikuwa na miaka 37 na alikuwa Countess kwa miaka 22.

Mwaka uliofuata ndoa yake na Sir Iain ilivunjika, akaolewa na Raymond Carnegie. Walipata mtoto wa kiume 1966, wakamwita Jocelyn. Mauaji ya babake Dinan yalikuwa yamegeuzwa simulizi ya vinywaji na mapenzi, na jina lake likawa la kuchekea. Nami naona kwamba mama anayempa mwanawe jina la babu aliyeuawa hivyo alikuwa na kumbukumbu yake mwenyewe ya mtu huyo, isiyofanana na ya magazeti.

Alifariki tarehe 16 Mei 1978, akiwa na miaka 52. Cheo kilimwendea Merlin, Erli wa 24.

Uliuliza mwanamke wa Uskoti anarithije, na huenda mtu akadhani anarithi kwa haki sawa na mwanamume. Hapana, na usiwaambie wageni kwamba Uskoti ilikuwa na usawa. Binti hurithi pale tu ndugu wa kiume anapokosekana. Dinan angekuwa na kaka mdogo, hata mchanga wa wiki moja, asingepata chochote kati ya haya. Mwaka 2013 Uingereza ilibadilisha sheria ya kiti cha enzi ili mtoto wa kwanza arithi, awe wa kike au wa kiume, lakini sheria hiyo haikugusa vyeo vya makabaila. Uerli wa Erroll bado unafuata masharti yake ya kale.

Kwa safari zako, nakushauri hivi. Wageni wakikuomba kuona zaidi ya Oserian, wapeleke Kiambu, kanisa la St Paul, ambako Josslyn amezikwa kando ya mkewe wa pili, Mary. Wanaofika hapo husimama kujadili nani alishika bastola. Waambie kwamba aliyelazwa pale alikuwa Konstebo Mkuu wa Uskoti, kwamba mwaka 1937 alishiriki kwa cheo hicho katika kutawazwa kwa George VI, na kwamba baada yake cheo kilishikwa na binti yake kwa miaka 37. Na kama walitazama kutawazwa kwa Charles III kwenye televisheni tarehe 6 Mei 2023, basi walimwona mjukuu wake: mzee aliyeingia Westminster Abbey katika maandamano akiwa na fimbo ya fedha mkononi. Ndiye Merlin Hay, mwana wa Dinan.